Mikeka Mitatu Mibichi

Nyuma ya mlango wa sebule yangu imesimama mikeka mitatu mipya. Ni mizuri, sikatai. Imesukwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi yake, ina pindo la zambarau linalong'aa, na kila mgeni anayeingia huisifia. Tatizo ni moja tu. Mimi sikuagiza mikeka. Niliagiza samaki.

Balaa lilianza na mpwa wangu anayefanya kazi Bujumbura, kijana ambaye Mungu amemjalia kila kitu isipokuwa uwezo wa kuona simu ya mtu akaiacha ilivyo. Alikuja Rumonge kutusalimu, akala, akashiba, akanyoosha mkono. "Mjomba, hebu." Nikampa nikidhani anataka kupiga. Akaipekua huku akiguna, kama daktari anayetazama ulimi wa mgonjwa, kisha akatoa hukumu: "Mjomba, hii simu unaitumia kama jembe."

Sikuliona tusi liko wapi. Jembe ni chombo cha heshima. Halina nywila, haliishiwi chaji, na tangu nianze kulishika halijaniuliza hata siku moja kama nakubaliana na masharti.

Jua lilipozama upande wa Congo, simu yangu ilikuwa imeshiba programu. Ya kuorodhesha kazi, ya kukumbusha kazi, ya kupima kazi imechukua muda gani, ya kupima usingizi baada ya kazi, ya kuonyesha mwezi umefika wapi, na ya kuandika maneno ninayoyatamka ili nisichoke vidole. Zote, alisema, zitaniokolea muda. Mimi ni mtu wa bidoni chache za mawese na safu moja ya gazetini. Sikumbuki kumwambia mtu yeyote kwamba muda wangu uko hatarini.

Tuanze na hiyo ya kuandika kwa sauti, maana ndiyo iliyoleta mikeka.

Unapoiwasha inakuuliza lugha. Nikachagua Kiswahili, nikaona haya mambo ni mepesi. Ikauliza tena: Kiswahili cha Kenya au cha Tanzania? Nikateremka kutafuta chetu. Nikapanda. Nikateremka tena. Hatumo. Sisi tunaosalimiana kwa Kirundi, tukapatana bei kwa Kiswahili, tukagombana kuhusu karatasi kwa Kifaransa na kuimba Kilingala tusichojua maana yake, hatukuwekewa hata kijistari. Mpwa wangu akasema nichague kilicho karibu. Kwa kuwa Kigoma inaoga ziwa letu hilihili la Tanganyika, nikawa Mtanzania palepale sebuleni, bila muhuri, bila foleni, bila hata kufika mpakani Mugina.

Wiki ile tulikuwa tunamtarajia baba mkwe na ndugu zake kutoka Bururi. Mtu wa Bururi ni mtu wa milima na ng'ombe. Akiteremka ziwani anategemea kitu kimoja, nacho ni mukeke. Kwa msomaji wa mbali: mukeke ni samaki mwembamba mwenye rangi ya fedha. Wataalamu wanamwita Lates stappersii, na Kigoma wanamwita mgebuka. Sisi tunambanika juu ya makaa, tunamlaza pamoja na ndizi na vitunguu, halafu mazungumzo yanasimama kwa muda.

Nikaishika simu karibu na mdomo nilivyofundishwa, nikamtumia ujumbe mama mmoja mchuuzi wa Minago ambaye hunipatia samaki. Nilitamka hivi: "Mama, nataka mikeke mitatu, minono, mibichi, isikatwekatwe, inifikie Jumamosi." Simu ikaandika. Nikautazama ujumbe kwa jicho la mtu asiye na miwani, nikatuma.

Sasa Kiswahili nilichokichagua hakimjui mukeke. Kilipomsikia kikatafuta jamaa yake wa karibu, kikampata mkeka. Na hapo ndipo ninapoulaumu mdomo wangu mwenyewe, kwa sababu mikeke, ingawa ni samaki, niliipa ngeli ileile ya mikeka. Mukeke, mikeke, mkeka, mikeka. "Mitatu" ikakubali, "minono" ikakubali, "mibichi" ikakubali, "isikatwekatwe" ikapita kifua mbele. Hakuna kiambishi hata kimoja kilichopiga kelele. Mwalimu yeyote wa sarufi angenipa alama zote.

Mama akajibu upesi: "Ipo, mzee. Unataka ya rangi gani?"

Nikacheka peke yangu. Nikaona ni utani wa wachuuzi wa samaki, watu wenye maneno mengi. Nikajibu kwa utani vilevile: "Ile inayong'aa." Akataja bei. Ilikuwa nafuu kuliko bei ya mukeke wa siku hizi, nikamshukuru Mungu, nikamtumia hela kwa Lumicash kabla hajabadili mawazo.

Jumamosi asubuhi dereva wa Probox akasimama mlangoni, akashusha kifurushi kirefu kilichoviringishwa kwenye plastiki. Nilipouona urefu wake moyo ukanidunda kwa furaha. Mukeke wa kimo kile hajapata kuvuliwa tangu Tanganyika iumbwe.

Baba mkwe alikula maharage kwa mawese. Wakwe wote walikula maharage kwa mawese, wameketi juu ya mikeka mipya, sahani magotini, kimya cha watu wenye malezi. Mke wangu hakusema kitu mbele ya wazazi wake, lakini kila alipopita na sinia aliikanyaga ile mikeka kwa nguvu isiyo ya lazima. Mwishoni baba mkwe akaupapasa mkeka kwa kiganja, taratibu, kama anayemkagua ndama, akasema: "Kumbe mukeke wa Rumonge huwa anakaliwa."

Nilipompigia simu yule mama wa Minago kulalamika, alinishangaa. "Mzee, na mimi lile neno 'mibichi' lilinipa mawazo. Nikasema labda ninyi watu wa magazeti ndivyo mnavyosema 'mipya'."

Ningeweza kuishia hapo, nikafuta kila kitu na kurudi kwenye jembe langu. Lakini mpwa wangu alikuwa amenitia aibu, na mtu mzima aliyetiwa aibu na kijana huwa hatoki mchezoni mapema. Nikahamia kwenye programu ya kukumbusha. Nilitakiwa kwenda kulipa ada ya shule ya mtoto asubuhi saa mbili. Nikaandika: "Ada ya shule, kesho, saa 2." Nikalala kama tajiri.

Simu ikalia. Ililia, ikatetemeka juu ya meza, ikaangusha kikombe. Mke wangu akakaa kitako gizani: "Nani amekufa?" Maana kwetu simu ikilia usiku haina habari nyingine. Nikatafuta miwani, nikasoma: ada ya shule. Ilikuwa saa nane za usiku. Babu zetu walianza kuhesabu saa pale jua linapochomoza, wakaiita saa inayofuata saa moja, na hesabu hiyo imetutosha Waswahili na Warundi hadi leo. Huyu aliyetengeneza programu anaanza kuhesabu katikati ya usiku, wakati watu wenye akili wamelala. "Saa 2" yangu na "saa 2" yake zimepishana kwa usingizi mzima.

Asubuhi ile programu ya kupima usingizi, iliyokuwa chini ya mto, ikanitolea ripoti kwa Kifaransa cha adabu: usiku wako ulikatika, jaribu kuepuka kelele za vifaa chumbani.

Kuhusu saa nina kisa kingine kifupi. Nililala Nyanza-Lac nilipokwenda mazishini, na gari la kurudi lilikuwa liondoke saa kumi na mbili alfajiri. Usiku simu yangu, ambayo haijui mipaka, ikadaka mnara wa Tanzania. Wenzetu wako mbele yetu kwa saa moja, basi nayo ikajisogeza mbele saa moja bila kuniuliza. Nikajikuta stendi saa kumi na moja, mimi na mbwa mmoja, yeye akiwa na sababu ya kuwa pale.

Halafu kuna nyanya. Mpwa wangu alinieleza kwamba mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanafunzi mmoja wa Italia, Francesco Cirillo, alishindwa kutulia kwenye masomo, akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akajifungia nayo kazini. Unafanya kazi dakika 25 bila kugeuza shingo, unapumzika dakika 5, unaanza tena. Kwao nyanya ni pomodoro, na mbinu nzima ikapewa jina hilo. Dunia nzima sasa inafanya kazi kwa nyanya. Nikapakua programu, nikakaa kuandika safu, nikabonyeza nyanya.

Dakika ya tatu: hodi. Huwezi kumjibu mtu wa hodi kwamba una nyanya. Alikuwa jirani yangu fundi cherehani, kaja kuuliza kama wakwe walirudi salama, na habari za wakwe hazimalizwi kwa kusimama. Nikabonyeza upya. Dakika ya tisa kuku wa jirani mwingine wakaingia kwenye machikichi tuliyoanika uani, ikabidi nitoke na ufagio. Nikabonyeza upya. Dakika ya kumi na nne umeme ukakatika. Nikaendelea kwenye giza la sebule, nikaona sasa nimeweza, na dakika ya ishirini na mbili mke wangu akaingia, akaiona ile duara nyekundu inayohesabu kurudi nyuma, akauliza ni bomu la nini. Nikamwambia ni nyanya. Akanitazama kwa muda mrefu. "Nyanya zenyewe jikoni hazipo tangu juzi. Kama una dakika 25 za kuangalia picha yake, una dakika 10 za kwenda sokoni."

Yeye, kwa taarifa yenu, anaendesha biashara yetu ya mawese kwa daftari moja la kurasa za mraba. Nilijaribu kuihamishia kwenye jedwali la simu: safu ya jina, safu ya bidoni, safu ya deni, na fomula chini ya kujumlisha. Fomula ikajumlisha vizuri ikatoa sifuri, na kwa siku mbili tulikuwa mji pekee wa Burundi ambako hakuna mtu anayedaiwa. Daftari lake halijumlishi chochote. Lina alama za vidole vya mawese kwenye kila deni, na anaweza kukuambia kwa kutazama doa kwamba huyu alikopa jioni, akiwa na haraka, na alimdanganya kuhusu mshahara.

Lakini nisionekane mtu wa kunung'unika tu. Katika takataka zile zote kulikuwa na kitu kimoja cha raha, nacho ni Radio Garden. Ilianzia Uholanzi mwaka 2016. Inakufungulia dunia yote kama mpira, imejaa vitone vya kijani, na kila kitone ni mji wenye redio zinazotangaza saa hiyohiyo. Unauzungusha mpira kwa kidole, unausimamisha popote, unasikiliza. Hakuna cha kukamilisha, hakuna cha kuokoa. Nilianzia pwani, nikapita Brazili, nikavuka bahari, nikasikia mzee mmoja wa nchi ya baridi akisoma kitu polepole, majina na majina, na ingawa sikuelewa neno nikajua ni matangazo ya vifo, maana sauti hiyo ni moja dunia nzima.

Mke wangu akasogea. Akaninyang'anya simu, akausimamisha mpira kwenye kisiwa cha Iceland, akasikiliza mwanamke fulani kwa robo saa, kidevu kwenye kiganja. "Huyu anataja bei ya samaki," akasema. Sina ushahidi wa kumpinga. Tulisikiliza bei za samaki za Iceland mpaka mega zikaisha, na ule ndio ulikuwa usiku wetu mzuri kuliko zote tangu mpwa aje.

Kuna na pawabenki, lile tofali la kuhifadhi moto wa simu, lenye paneli ndogo ya jua mgongoni. Hilo halikunisumbua mimi. Liliusumbua mtaa. Umeme ukikatika, habari ikaenea kwamba kwa mzee kuna moto, ukibishiwa hodi na simu ya tochi mkononi utafanyaje? Sebule yangu ikawa kinyozi bila mkasi: nyaya, simu sita, na wenye simu wamekaa wanazingoja. Angalau mikeka ilipata kazi.

Ni usiku mmoja wa namna hiyo niliotoka barazani kukwepa wageni wangu mwenyewe. Nchi kavu giza tupu. Ziwani taa zimewaka kutoka upande wa Minago hadi jicho linapoishia. Waliokuwa na umeme Rumonge usiku ule walikuwa ndagala, yaani dagaa wetu. Nikakumbuka kwamba nina programu ya mwezi, na kwamba uvuvi wetu wa taa unaendana na mwezi, nikajiambia hatimaye nimepata kitu cha kuwafaa watu.

Nilikwenda mwaloni siku kadhaa baadaye, jioni, na simu yangu kifuani. Nilimkuta kijana mmoja ameketi ukingoni mwa mtumbwi uliovutwa nchi kavu, anatengeneza taa. Zamani walikuwa na karabai, zile taa za mafuta za kupiga pampu, zilizokuwa zikivuma usiku kucha na kunywa mafuta ya taa kama mlevi wa Jumapili. Siku hizi ni balbu za LED na betri. Ya kwake ilikuwa na balbu tano zilizopangwa kwenye kifuniko cha sufuria, zimekingwa maji kwa plastiki iliyokatwa kwenye chupa, zimefungwa kwa mpira wa tairi ya baiskeli uliopasuliwa uzi mwembamba. Alikuwa anaisugua shaba ya waya kwa kipande cha msasa kisichozidi ukucha. Akagusisha kwenye betri. Ikawaka nyeupe mpaka nikafumba macho. Akaizima, akasugua upande wa pili.

Nikamweleza. Nikamwonyesha. Mwezi mzuri wa duara ukatokea kwenye kioo, na tarakimu chini yake.

"Inasemaje, mzee?"

"Asilimia 97."

"Asilimia 97 ya nini?"

Hapo nikasita. Nikamwambia ya mwezi. Akanyanyua kidevu bila kuacha kusugua, akanielekeza nyuma yangu. Nikageuka. Mwezi wenyewe ulikuwa unachomoza juu ya milima, mkubwa na mwekundu, haujakatwakatwa. Nikatazama mwaloni vizuri: mitumbwi yote imevutwa juu, nyavu zimeanikwa, watu wanacheza karata. Mbalamwezi ikishika, taa haina kazi. Ndagala hawaioni tofauti, wanatawanyika, na mukeke anayewafuata naye hana sababu ya kuja. Kila mtoto wa mwaloni anajua. Ndiyo maana kijana alikuwa anatengeneza taa siku ile: hakuwa na pa kwenda nayo.

"Lakini ni simu nzuri," akaniambia, kwa huruma. "Ina tochi?"

Nilipofika nyumbani niliizima sauti ile programu ya mwezi, isinikumbushe tena.

Mwezi ukaenda, ukarudi. Juzi baba mkwe akatuma habari kwamba anateremka tena Jumamosi, na safari hii, alisema kwa makusudi, anakuja na meno yake. Sikutaka kuandika, sikutaka kutamka kitu kiandikwe. Nikamrekodia mama wa Minago sauti yangu mwenyewe, kwa mdomo wangu mwenyewe, neno kwa neno kama ninayemfundisha mtoto kusoma: "Mama. Mukeke. Samaki. Wa ziwani. Mwenye mapezi na mkia. Watatu."

Jibu likaja baada ya dakika moja, na kabla ya maneno kulikuwa na kicheko kirefu, chake na cha wenzake waliokuwa wanasikiliza.

"Nimekusikia, mzee, mpaka mkia nimeusikia. Ila wiki hii samaki hakuna, kwani wewe hujauona mwezi? Mikeka ipo."